Paka na tabia ya mtu

Dada, umeuliza kama paka wenu hapo Ujiji ndiye aliyemfanya mdogo wako awe mkali. Msimfukuze. Kimelea cha toksoplazma, kijidudu ambacho paka hukitoa kwenye kinyesi, humpunguzia panya woga wa harufu ya paka, hilo limeonekana maabara. Kwa binadamu tafiti zimekuta uhusiano tu, haijathibitika kuwa ndicho kinachobadili tabia. Mimi naogopa zaidi kwa mjamzito: akiambukizwa mara ya kwanza akiwa na mimba, kinaweza kumfikia mtoto na kumharibu macho au ubongo. Mayai ya kimelea hicho kwenye kinyesi cha paka huchukua siku 1 hadi 5 ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo kizoeni kinyesi kila siku, mjamzito asiguse. Kimelea huingia pia kwa chakula: mchicha wa bustanini uoshwe sana, na mishikaki iive hadi ndani.