Yaonje Kwanza Hayo Maji
Maswali ya wasomaji kwa fundi wetu wa boti

Swali: Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya mita 8 yenye kibanda kidogo mbele. Kila nikifungua kibanda asubuhi nakuta godoro limelowa upande mmoja. Juu yake kuna kile chuma cha kufungia kamba, nami nimekizungushia silikoni mara tatu, lakini wapi. Nitumie dawa gani kali zaidi? — *Niliyechoka kuanika godoro*

Jibu: Marahaba mwanangu. Kabla hujanunua tyubu ya nne, chukua tone la hayo maji, liguse kwa ncha ya ulimi, uteme. Sikutanii. Yakiwa ya chumvi, yametoka baharini. Yakiwa matamu, ni ya mvua, au ya umande, au tangi lako la maji linavuja na wewe unakilaumu chuma cha watu. (Yakinuka dizeli ulimi uache, hayo yamejitaja yenyewe.) Kwa kuwa boti ilikuwa imetulia usiku kucha, nadhani utayakuta matamu.

Jambo la pili: umeziba pale unapoona maji, nayo si lazima yaingilie hapo. Sitaha ya faiba mara nyingi ina ngozi mbili, na katikati yake kuna plaiwudi au mti mwepesi. Maji huingilia tundu la bolti moja, yakatambaa humo ndani, yakaja kudondokea mbali na yalipoingilia. Kwa hiyo mtie mtu ndani na tochi, wewe shika mpira wa maji nje. Anza na kifaa kilicho chini kabisa, kimwagie dakika kumi, halafu ndipo upande kwa kinachofuata. Ukimwagia sitaha nzima kwa pamoja utaloa wewe na godoro, na hutajua lolote. Asiye na msaidizi akaushe ndani vizuri, anyunyize poda, aende zake. Maji yakipita yatajichorea njia.

Sasa hiyo silikoni. Watu huita kila tyubu silikoni, na hapo ndipo pesa zinapopotelea. Silikoni halisi huacha utando wa mafuta usioonekana, na juu ya utando huo hakishiki kitu: si rangi, si gundi nyingine, hata silikoni mpya. Tabaka lako la pili na la tatu yameshikana kwa heshima tu. Fungua chuma chote, kwangua kwa wembe, piga msasa, futa kwa asitoni huku ukibadilisha kitambaa kila mara. Ikiwa utatumia poliyurethani (gundi nyingine ya kuzibia maji), usimalizie kwa spiriti, kwa sababu spiriti iliyobaki huizuia isikauke sawasawa.

Umeniuliza dawa kali. Mimi huuliza kwanza: hiki kifaa kitafunguliwa lini? Nilipokuwa kijana nilibandika chuma kama hicho chako kwa poliyurethani ile ya kudumu, nikajisifu. Baada ya miaka michache bolti zililiwa, nikatakiwa kukitoa. Niliingiza kabari, nikagonga, kikatoka na kipande cha sitaha kilichobanduka upana wa kiganja. Kazi ya saa moja ikanila siku nne. Gundi ya namna hiyo iwekee mahali ambapo hutaki kupafungua tena maisha, kwa mfano kiungo cha tumbo na sitaha. Vifaa vya kawaida vilivyo chini ya maji vinatoshwa na poliyurethani ya nguvu ya wastani, kama Sikaflex 291. Polisulfaidi, aina nyingine ya gundi ya kuzibia, ni rafiki mkubwa wa mbao na huvumilia sana mafuta. Lakini isikaribie dirisha la plastiki, kwani huila akriliki na polikaboneti mpaka zikafanya nyufa. Kwenye dirisha kama hilo ndipo silikoni inapopata kazi yake halali. Ile inayonuka siki iweke mbali na chuma.

Kwa chuma chako cha kamba mimi ningetumia utepe wa butili, yaani mpira laini unaonata. Haukauki ukawa mgumu, hunyumbuka na sitaha, na siku ya kufungua unafunguka. Haupendi petroli wala dizeli, na chini ya mstari wa maji usiupeleke.

Utaufunga hivi. Panua kila tundu la bolti, chokonoa ule mti wa katikati ukiwa umeoza, jaza epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu), iache igande, kisha toboa tena tundu la saizi ya bolti katikati ya epoksi. Hapo hata maji yakipita siku moja, hayatagusa mti. Chonga mdomo wa tundu uwe kama kifaneli kidogo. Finyanga butili iwe uzi, uzungushie shingo ya bolti chini ya kichwa, nyingine tandaza chini ya chuma. Kule ndani weka bamba pana badala ya washa ndogo. Halafu, na hapa wengi ndipo wanapoharibu, kichwa cha bolti kishikwe kwa bisibisi kisizunguke, izungushwe nati peke yake. Bolti ikizunguka inaukata muhuri ulioutengeneza sasa hivi. Kaza kidogo, subiri butili itoke pembeni taratibu, kesho kaza tena kidogo, keshokutwa tena. Kilichotoka kikate kwa kisu cha plastiki.

Swali: Fundi, habari za kazi. Mashua yangu ya mbao imekaa juu miezi mitano, na sasa mianya kati ya mbao inaingiza ukucha. Kijana mmoja ameniambia niijaze epoksi yote ili nisahau kalafati, ile kazi ya kuziba mianya kwa pamba, milele. Nifanye? — *Mwenye mashua*

Jibu: Nzuri, dada yangu. Usifanye, na huyo kijana mnyang'anye ndoo kabla hajaanza.

Mbao imesinyaa kwa ukavu na itafura ikirudi majini. Ukijaza kitu kigumu leo mwanya ukiwa mpana, kesho mbao itakosa pa kwenda. Itasukumana na mwenzake, misumari ivutike, na mashua iliyojengwa vizuri inaweza hata kupasuka mataruma, yaani mbavu zake. Epoksi haiumii, inayoumia ni mashua.

Anza kwa maji. Tandika magunia yaliyolowa ndani na nje, yaloweshe asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, kivulini ikiwezekana. Mianya mingi itajifunga mbele ya macho yako. Inayobaki ndiyo ya kukalafati: toa pamba kuukuu kwa ndoano, piga brashi mpaka uone mti safi, kisha lisha pamba mpya kwa patasi butu ya kalafati, ukiikunja vikunjo vidogo na kuisukuma kwa nyundo. Sikiliza mlio. Mwanzoni nyundo inalia bubu. Pamba ikikaa, mlio unakuwa mkavu, na hapo acha. Anayeendelea kugonga kwa sababu mkono umechangamka anazitawanya mbao. Juu yake weka puti laini, na uiache chini kidogo ya uso wa mbao, kwa maana zikifura zitaibinua.

Ukiishusha itavuja siku ya kwanza. Lala nayo, na pampu iwe karibu.

Swali: Fundi, pale shafti ya rafadha inapotokea, pakingi (ile kamba ya kuziba inayozunguka shafti) ilikuwa inadondosha maji. Nimeikaza mpaka ikaacha kabisa, lakini sasa inapata moto. Naweza kulegeza kisha nipake gundi ya kuzuia maji? — *Nahodha wa Jumapili*

Jibu: Bwana nahodha, pakingi ya kamba hupozwa na maji yaleyale unayoyazuia. Ukiikausha inaungua, na ikiungua inaanza kuila shafti. Legeza nati ya kufungia, ile ya kukazia irudishe nyuma robo mzunguko, washa injini utazame: matone machache kwa dakika wakati shafti inazunguka, na ikisimama yakatike au yabaki haba sana. Weka kiganja juu ya glendi, yaani kile kifuniko kinachoibana pakingi (nguo na mikono mirefu mbali na shafti!). Uvuguvugu ni sawa, joto la kukurudisha mkono si sawa. Gundi haina kazi hapo hata tone.

Ukiwa huko chini, zifunge na uzifungue koki zote za tumboni mwa boti, maana koki isiyochezeshwa hugandia wazi. Karibu na kila moja funga kwa kamba nguruzi (kizibo) ya mti laini inayoingia tundu lake. Tundu la milimita 25, nusu mita chini ya maji, huingiza lita 50 na zaidi kila dakika. Hutapata muda wa kutafuta kitu cha kuchonga. Ukikuta koki ya shaba ya njano kama ya bombani, na ukiikwangua inaonyesha rangi ya waridi, zinki imeshatoka ndani yake. Iondoe boti ikiwa nchi kavu, uweke ya bronzi.

Na glendi ikifika mwisho wa kukazwa huku bado inamwaga, badilisha pakingi. Kata pete mojamoja, viungo vyake visilingane, usiizungushe kama kamba ndefu. Zile za zamani zihesabu kabla hujazitupa, kisha mulika ndani kwa tochi. Pete ya ndani kabisa hupenda kubaki imejificha, na fundi aliyepita pengine aliweka mpya juu yake.