Darasa moja si shule nzima

Umeuliza kama kuwahoji wenzako 40 wa darasani kunatosha kukadiria usingizi wa wanafunzi 600 wa shule yenu. Idadi si mbaya. Shida ni namna ulivyowapata. Darasa moja ni watu wa rika moja, na wadogo hawalali sawa na wakubwa.

Wingi peke yake haukuokoi. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48! Majina ya walioulizwa yalitoka hasa kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani watu wenye uwezo zaidi wakati ule, tena wengi walioandikiwa hawakujibu.

Chukua orodha ya wanafunzi wa shule, wape namba 1 hadi 600, chagua 40 kwa kura ya bahati nasibu. Ukitaka kila darasa liwakilishwe, gawa kwa uwiano: lenye wanafunzi 150 litoe 10, kwa kura vilevile.

Halafu hojaji yako. “Ulilala saa ngapi?” litakuponza: mmoja ataandika saa aliyopanda kitandani, mwingine urefu wa usingizi. Andika “Ulilala kwa muda wa saa ngapi?”