Maswali ya wasomaji: kompyuta kuukuu, hifadhidata ya dukani na mwaka 2038

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaoandika programu kwa riziki na kwa wengine ambao bado wanajifunza. Nimejibu sita, na majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa baadhi ya maswali yanahitaji maelezo na mengine yanahitaji uamuzi tu. Msimamo wangu ni kwamba mwandishi wa programu apendelee zana anazoweza kuzielewa mwenyewe, hata kama hazizungumzwi sana siku hizi, kwa sababu siku zana hizo zitakapoharibika yeye ndiye atakayeitwa.

Kompyuta yangu mpakato ina kumbukumbu ya gigabaiti 4 na inatumia Windows 10. Fundi amesema haiwezi kuwekewa Windows 11. Je, ninunue nyingine? (Msomaji wa Morogoro)

Usinunue kwanza. Ni kweli kwamba Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unafika Oktoba 2026. Fundi wako pia huenda amesema sahihi, kwa kuwa Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na inaziacha nje prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Lakini masharti hayo ni ya mfumo endeshi mmoja, wala hayasemi lolote kuhusu afya ya mashine yenyewe.

Chukua flashi, uweke humo mfumo endeshi wa Linux Mint wenye mazingira mepesi ya Xfce, au Debian, ambayo nayo ni Linux, yenye mazingira hayohayo, kisha uiwashe kompyuta kwa kutumia flashi hiyo. Utaona kama Wi-Fi, sauti na printa vinafanya kazi kabla chochote hakijaandikwa kwenye diski. Ukiridhika, hamisha nyaraka zako kwenye diski ya nje, ndipo usakinishe. Ikiwa diski ya ndani ni ile ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD, yaani diski isiyozunguka, kutakupa wepesi kuliko badiliko jingine lolote utakalolilipia.

Gigabaiti 4 zinatosha kwa kihariri cha msimbo, Python na kikusanyaji cha lugha ya C. Hazitoshi kwa kivinjari chenye kurasa ishirini wazi, wala kwa Android Studio, ambayo yenyewe inataka gigabaiti 8 kwa uchache. Kama kazi yako ni programu za simu, hapo nitakushauri uanze kuweka akiba ya kununua mashine nyingine.

Ninamwandikia mwenye duka la dawa programu ya mauzo na bidhaa. Kompyuta ni moja ya kaunta, labda ya pili baadaye. Wenzangu wananishauri nikodi seva ya hifadhidata mtandaoni. Unaonaje? (Msomaji wa Tanga)

Ningetumia SQLite, na ningefanya hivyo bila kusita.

D. Richard Hipp alianza kuiandika mwaka 2000, alipokuwa akifanya kazi kwenye programu ya manowari ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Programu yake ilitegemea seva ya hifadhidata, na kila seva hiyo iliposimama, yeye ndiye aliyeonekana kukosea, kwa kuwa ujumbe wa hitilafu ulitokea kwenye dirisha la programu yake. Akajiuliza kwa nini data isisomwe moja kwa moja kutoka kwenye diski. Jibu lake likawa maktaba inayoishi ndani ya programu yako, bila seva, na hifadhidata nzima ikiwa faili moja. Leo imo katika kila simu ya Android na kila iPhone, na vivinjari vya Firefox na Chrome vinaitumia pia. Msimbo wake ni mali ya umma. Muundo wa faili yake haujavunjwa tangu toleo la 3 lilipotoka mwaka 2004, na watunzaji wake wamesema wananuia kuihudumia hadi mwaka 2050. Maktaba ya Bunge la Marekani inaitaja miongoni mwa miundo inayofaa kuhifadhia seti za data kwa muda mrefu. Sijui zana nyingine ya kazi yetu ambayo ningeweza kumwachia mteja kwa utulivu wa moyo kama huo.

Fikiria sasa kaunta yenyewe. Umeme ukikatika katikati ya mauzo, SQLite huhakikisha kwamba muamala umeandikwa wote au haukuandikwa kabisa, ili stoo isije ikapungua vidonge ambavyo risiti haivitambui. Intaneti ikikatika, duka linaendelea kuuza. Kwa seva ya mbali, mama aliyefuata dawa ya mtoto wake atasubiri mtandao urudi, na sioni sababu ya kumsubirisha.

Yapo mambo ya kuzingatia. Faili ya hifadhidata ikae kwenye diski ya kompyuta yenyewe, isiwekwe kwenye folda inayoshirikiwa mtandaoni, kwa kuwa kufuli za faili katika folda za namna hiyo mara nyingi haziaminiki na data huweza kuharibika. Kompyuta ya pili itakapokuja, iache ya kwanza iwe ndiyo pekee inayofungua faili, na ya pili iwasiliane nayo kupitia huduma ndogo ya wavuti ndani ya duka. Washa hali ya WAL, ambayo huandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya pembeni, ili wanaosoma wasimzuie anayeandika. Anayeandika atabaki mmoja kwa wakati, jambo ambalo kwa kaunta mbili halina uzito wowote. Amri ya `PRAGMA foreign_keys=ON`, inayokagua viungo kati ya majedwali, itolewe kila unapofungua muunganisho, kwani kwa kawaida ukaguzi huo huwa umezimwa. Nakala rudufu isichukuliwe kwa kunakili faili wakati mauzo yanaendelea. Tumia amri ya `VACUUM INTO`, inayotoa nakala kamili kwenye faili mpya, na nakala ya jioni iende nyumbani kwa mwenye duka kwenye flashi.

Bei uziandike kwa namba nzima. Namba za desimali za kawaida haziwezi kubeba kila sehemu kwa usahihi, na ndiyo maana 0.1 ukijumlisha na 0.2 katika lugha nyingi hutoa 0.30000000000000004. Tarehe ya mwisho ya dawa iandike kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kama 2026-03-31, kwa sababu maandishi ya aina hiyo yakipangwa kialfabeti yanakuwa yamepangwa pia kwa wakati, na kuzitafuta dawa zinazokaribia kuharibika kunakuwa swali la mstari mmoja.

Siku mteja atakapokuwa na matawi mengi yanayoandika kwa pamoja, hamia PostgreSQL, hifadhidata inayotumia seva. Siku hiyo atakuwa na uwezo wa kumlipa mtu wa kuitunza.

Programu yangu ndogo ya wavuti imeniletea folda ya node_modules yenye mamia ya vifurushi ambavyo sikuviomba. Je, ni kawaida, na kuna hatari? (Msomaji wa Nairobi)

Ni kawaida, na hatari ipo. Machi 2016, mwandishi mmoja aliondoa vifurushi vyake vyote kwenye npm, ghala la vifurushi vya JavaScript, baada ya mzozo kuhusu jina la kifurushi kimojawapo. Kati ya alivyoondoa kilikuwemo left-pad, chenye mistari 11 tu, ambacho kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi sana duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo, mingine ikiwa ya watu ambao hawakuwa wamewahi kulisikia jina hilo, na npm ikalazimika kukirudisha. Mwaka uliofuata JavaScript yenyewe ikapata `padStart`, inayofanya kazi hiyohiyo bila kifurushi chochote.

Tukio la xz linanihuzunisha zaidi. Tarehe 29 Machi 2024, mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya zana hiyo ya kubana faili yalikuwa na mlango wa siri. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kwa SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, naye akakataa kulipuuza jambo hilo hadi alipoona chanzo chake. Mtu aliyetumia jina la Jia Tan alikuwa amejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili, akimsaidia mtunzaji aliyekuwa akiibeba kazi hiyo kwa kujitolea na aliyekwisha kusema wazi kwamba amechoka. Matoleo hayo yalikuwa yamekwisha kufika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, mifumo miwili ya Linux. Watunzaji wa namna hiyo wanashikilia kazi zetu sote, na wengi wao hawajawahi kupokea hata barua ya shukrani.

Kwa hiyo, kabla ya kuongeza kifurushi, nakusihi uangalie ni vingapi vinakuja pamoja nacho, ni nani anayekitunza, na kama lugha unayotumia haina tayari kitu hicho. Kama ni kazi ya alasiri moja, iandike mwenyewe. Usijiandikie usimbaji fiche wala hesabu za majira ya saa. Huko chukua maktaba zilizokomaa na ushukuru. Faili ya kufungia matoleo iwe ndani ya hazina ya msimbo, na kwenye seva utumie `npm ci` ili kinachosakinishwa kiwe kilekile ulichokijaribu.

Shikamoo mwalimu. Habari za teknolojia ni nyingi mno na zinanimalizia siku. Unazifuataje? (Mwanafunzi, Kampala)

Marahaba, mwanangu. Ninazifuata kwa RSS, mfumo unaokuletea makala mpya za tovuti mbalimbali mahali pamoja, uliopo tangu mwaka 1999 na usiomilikiwa na kampuni yoyote, kiasi kwamba Google ilipoifunga Google Reader, programu yake ya kusomea RSS, mwaka 2013 wasomaji walihamisha orodha zao kwenye programu nyingine wakaendelea kusoma. Weka humo kwanza matangazo ya matoleo ya zana unazozitumia kila siku, kisha waandishi wachache unaowaamini. Habari ya xz ilimtaka kila msimamizi wa seva akague toleo lake saa ileile. Tangazo la zana mpya ya wavuti linaweza kusubiri hadi likizo, na mara nyingi likizo ikifika utakuta hakuna anayelizungumzia tena.

Intaneti ilipozorota Mei 2024 ofisi yetu ya Dar es Salaam haikufanya kazi kabisa. Tujiandae vipi? (Msomaji wa Dar es Salaam)

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja kusini mwa pwani yetu, kaskazini ya Durban, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Nyaya zitakatika tena, kwani nanga za meli na miporomoko ya chini ya bahari havijaisha.

Sehemu kubwa ya kazi yenu haihitaji mtandao. Git, zana ya kutunza historia ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianza Aprili 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, humpa kila mtu historia nzima ya mradi kwenye diski yake, na mnaweza kupelekeana mabadiliko kupitia kompyuta moja ya ofisini bila kutoka nje ya jengo. Nyaraka za Python zinapakuliwa zote kwa mkupuo, na Kiwix hukuwezesha kusoma Wikipedia na majibu ya Stack Overflow bila intaneti. Wekeni pia seva ndogo ya ndani inayohifadhi vifurushi mlivyokwisha kupakua. Kisha chagueni siku moja, mchomoe waya wa intaneti kwa makusudi, na kila kitakachosimama mkiandike kwenye orodha ya kurekebisha.

Je, ni kweli kwamba kompyuta zitakosea tarehe mwaka 2038? (Msomaji wa Mombasa)

Ni kweli kwa baadhi. Mifumo ya jamii ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na mingi ilizihifadhi kwa namba ya biti 32 ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kikomo hicho kitafikiwa Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi, na sekunde saba. Sekunde inayofuata, hesabu isiyorekebishwa itarudi Desemba 1901.

Mashine za biti 64 kwa kawaida hazina shida hiyo. Kiini cha Linux kilikamilisha sehemu kubwa ya marekebisho kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020, na Debian 13 ya Agosti 2025 imehamia wakati wa biti 64 karibu kila mahali. Kinachonitia wasiwasi ni vifaa vidogo vilivyojengewa ukutani na kusahaulika, pamoja na hifadhidata za zamani: aina ya data ya tarehe iitwayo TIMESTAMP katika hifadhidata ya MySQL, kwa mfano, inaishia tarehe hiyohiyo, ilhali aina nyingine, DATETIME, haiishii hapo.

Wala si jambo la kusubiri mwaka 2038. Programu inayokokotoa mwisho wa mkopo wa nyumba wa miaka 15 inazigusa tarehe hizo tayari. Huko Tanzania hatimiliki za ardhi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, hivyo mfumo wa ardhi usioweza kuandika mwaka 2040 una kasoro leo hii. Fungua programu yako, ingiza tarehe 20 Januari 2038 mahali popote inapopokea tarehe, hifadhi, kisha uisome upya kutoka kwenye hifadhidata yenyewe, si kutoka kwenye skrini.