Land Rover 109 ya koili: usichomelee Panhadi rodi chasisi ikiwa juu ya magogo

Ndugu mleta mada wa Mafinga, simamisha kazi kwanza. Umeandika kwamba ekseli ya mbele ya Range Rover yenye koili (springi za kuzunguka) umeshaipata kwa muuza vyuma chakavu, kwamba chasisi ya Land Rover 109 Series III yako imelazwa juu ya magogo haina injini wala bodi, na kwamba mchomeleaji anakuja Jumamosi kuchomelea mabano ya kuishikia ekseli hiyo. Umeuliza kuhusu shokapu, matairi, stelingi pawa na rangi. Hilo la Jumamosi hukuliuliza, nalo ndilo litakalokula fedha zako.

Nami nilianzia kwenye magogo hayohayo, hapa Mbeya. Aliyeniuzia ekseli aliniapia kwamba Land Rover zote ni moja na kwamba itaingia bila shida. Mchomeleaji, bingwa wa gereji bubu mwenye mdomo mwepesi kuliko mkono, alichagua mahali pa kuweka mabano kwa kigezo kimoja tu: pale elektrodi ilipofika bila yeye kuinama. Nilipomuuliza kama hapimi, alinijibu kwamba jicho lake ni futi tosha. Jicho hilo ningependa kulikodisha kwa maadui zangu.

Springi za majani, ambazo Series III yako ilizaliwa nazo, hubeba gari na wakati huohuo huishikilia ekseli isihame. Koili hubeba tu. Kwa hiyo ekseli ya koili inahitaji radiasi amu mbili za kuizuia isiende mbele wala nyuma, na Panhadi rodi moja ya kuizuia isikimbilie kushoto au kulia. Panhadi rodi ina ncha moja kwenye chasisi na nyingine kwenye ekseli, hivyo huchora tao kila gari linapopanda na kushuka, na rodi ya stelingi inayokwenda kwenye gurudumu nayo huchora tao lake. Rodi hizo zikiwa sambamba na urefu wake ukikaribiana, matao hulingana na gurudumu halishtuki. Zisipokuwa sambamba, ni kama watu wawili waliobeba gogo moja na kila mmoja ana njia yake. Tatizo huwa kubwa zaidi kwa sababu Series III hupitishia nguvu ya usukani kwenye relei, kiungo cha kati kilicho katika boriti ya mbele ya chasisi, ilhali Land Rover One Ten, iliyotoka 1983 ikiwa na koili, ina sanduku la stelingi lililofungwa kwenye chasisi yenyewe. Ukihamisha ekseli bila kuhamisha mpangilio wa stelingi, umehamisha nusu ya mfumo.

Mjini, kwenye lami tambarare, sikugundua kitu. Niligundua nikirudi kutoka Chunya, kwenye zile kona za mteremko wa kuingia Mbeya: nilikanyaga breki, pua ya gari ikainama, na gari likaanza kugeuka kuelekea bondeni ilhali mikono yangu haikuwa imeusogeza usukani hata kidogo. Shemeji yangu alimalizia safari kwa miguu, na mpaka leo anadai kwamba alikuwa anapenda mazoezi. Mabano yalikatwa, na kwa kuwa chasisi ile ni sanduku la bati jembamba, sehemu yake ikang'oka pamoja nayo. Nikalipia viraka, kuhamisha stelingi na matairi ya mbele yaliyokwisha liwa upande mmoja. Jumla ilizidi bei ya ekseli. Wanaotaka kucheka wacheke, ila wasiniombe lifti.

Kwa hiyo: usichomelee kabisa bano la Panhadi rodi wala la stelingi mpaka gari limesimama kwenye magurudumu yake, mahali pa usawa, likiwa na injini, maji, mafuta na mzigo wake wa kawaida. Kabla ya hapo mabano hayo yashikizwe kwa doti tu, yaani vinukta vichache vya kuchomelea. Simama mbele yake, utazame rodi zote mbili, Panhadi na ya stelingi, kama ziko sambamba. Kisha toa koili, ufunge usukani usicheze, uipandishe na kuishusha ekseli kwa jeki kutoka mwisho hadi mwisho. Gurudumu likigeuka, kata doti, sogeza bano, rudia. Mchomeleaji akinuna, mpe chai.

Halafu usiweke ekseli ya mbele peke yake. Uwiano wa gia za difu ya Range Rover ni 3.54 na wa Series III ni 4.7, hivyo siku utakapoingiza gia ya magurudumu manne kwenye tope la Sao Hill, mbele na nyuma zitavutana mpaka kimojawapo kivunjike. Ukibadilisha zote mbili, ujue kwamba injini ya lita 2.25 itaona mlima Kitonga umeongezeka urefu. Ekseli hizo pia ni pana zaidi, takribani sentimita 149 kati ya magurudumu badala ya 131, kwa hiyo matairi yatatokeza nje ya madigadi.

Shokapu tutazizungumza gari likishasimama. Rangi, paka uipendayo. Kabla ya Jumamosi weka hapa picha iliyopigwa kutoka mbele, rodi zote mbili zikionekana, na umwambie mchomeleaji asije na elektrodi nyingi.