Je, virusi vya RNA vya bakteria hupitia DNA kwanza?

Hapana, DNA haihusiki kabisa. Chukua kirusi Qβ, kinachoshambulia bakteria E. coli. RNA yake, yenye nyukleotidi kama 4,200, ni uzi chanya, yaani unaosomeka moja kwa moja, hivyo ikishaingia tu ribosomu (viwanda vya protini vya seli) huanza kuisoma na kutengeneza protini. Mojawapo ni sehemu ya kimeng'enya cha kunakili. Sehemu nyingine tatu hukopwa kwa bakteria mwenyewe: EF-Tu na EF-Ts, protini zinazosaidia kutengeneza protini nyingine, na protini S1 ya ribosomu. Kimeng'enya huanzia ncha ya 3' (mwisho wa uzi), hutengeneza uzi hasi, yaani nakala ya kinyume, kisha uzi hasi hutumika kutoa nyuzi chanya nyingi.

Utata uko hapa: ribosomu husoma kutoka 5' (mwanzo wa uzi) kwenda 3', kimeng'enya kinatokea upande wa pili wa uzi uleule. Zingegongana. Kwa hiyo kimeng'enya hujishikiza pale ribosomu zinapoanza kusoma protini ya ganda na kuzizuia mpya. Zilizokwisha kuingia humaliza na kutoka.

Uzi chanya na hasi zikishikamana kuwa uzi pacha, hazinakiliki tena. Kinachoziokoa ni kila mmoja kujikunja upesi peke yake. Makosa ya kunakili, lo, hayasahihishwi kabisa.