Maswali na majibu: mazingira yajengwe kwa amri moja

Nikiandika `pip install` (amri ya kusakinisha maktaba za Python) naambiwa "externally-managed-environment". Nikiongeza `--break-system-packages` inakubali. Kuna ubaya?

Upo. Zana za mfumo wenyewe hutegemea Python hiyo hiyo, na ukibadilisha maktaba zake unaziharibia. Ndiyo maana Debian 12 na Ubuntu kuanzia 23.04 zinakuzuia. Sakinisha `python3-venv` kwa apt, ingia kwenye folda ya mradi, andika `python3 -m venv .venv` (hujenga mazingira ya Python ya mradi huo peke yake), kisha `.venv/bin/pip install -r requirements.txt` (faili lenye orodha ya maktaba za mradi). Ndani ya skripti huna haja ya `activate`, ita `.venv/bin/python` moja kwa moja. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na dawa yake imo kwenye ujumbe wa kosa lenyewe. Usomeni mpaka mstari wa mwisho kabla ya kuuliza.

Naweza kumnakilia mwenzangu folda ya `.venv`?

Hapana. Skripti zilizomo zimeandikwa njia kamili za kompyuta yako. Mpe `requirements.txt` ajenge ya kwake, na `.venv` iingie kwenye `.gitignore`.

Skripti yetu ya kuandaa mazingira ilifanya kazi mwaka jana. Mfanyakazi mpya ameiendesha, imekwama katikati. Hatujagusa kitu.

Ninyi hamjagusa, lakini wenye maktaba mnazozitumia wamegusa. Jina la maktaba lisilo na namba ya toleo huleta toleo la leo, na `FROM python:latest` ya Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya makontena, yaani mazingira yaliyotengwa) vivyo hivyo. Hata mkiandika namba za maktaba zenu, vitegemezi vya vitegemezi, yaani maktaba ambazo maktaba zenu huzihitaji, huteleza chini kwa chini. Kwa Python, tumieni `pip-compile --generate-hashes` (ya pip-tools) ili kila kifurushi kiwe na namba na alama yake ya utambulisho (hash). Kwa Node, `npm ci` badala ya `npm install`: hufuta `node_modules`, hufuata `package-lock.json` ilivyo, na hugoma kama haiafikiani na `package.json`. Kwa Docker, `python:3.12-slim` ni afadhali, ingawa nayo husogea kila marekebisho madogo yanapotoka. Mkitaka isisogee kabisa, andikeni alama yake ya `sha256`.

Kisha tazameni skripti yenyewe. Juu kabisa iwe na `set -euo pipefail`. Bila hiyo, hatua ya tatu hufeli kimya na kosa likajitokeza hatua ya tisa, mkabaki kumtafuta mchawi mahali asipokuwepo. Kila hatua iweze kurudiwa bila madhara: `mkdir -p`, siyo `mkdir`, na kabla ya kuongeza mstari kwenye `.bashrc`, `grep` ihakikishe kwamba haumo tayari.

Halafu lile ninalolisema kila mara: yafuteni mazingira yote na kuyajenga upya. Mazingira yasiyofutwa huishi kwa mabaki, kile kifurushi mtu alichosakinisha kwa mkono na kusahau kukiandika. Seva ya majaribio iyajenge kutoka sifuri kila usiku kwa `docker build --no-cache --pull`. Bila `--no-cache`, tabaka la apt (matokeo ya hatua yaliyohifadhiwa) la miezi iliyopita litawaficha ukweli.

Programu inaanza kabla hifadhidata ya PostgreSQL haijawa tayari, ingawa nimeweka `depends_on` kwenye Docker Compose. Sasa nimeongeza `sleep 30`.

Ondoa `sleep`. Kwenye kompyuta nzito haitatosha, na kwenye nyepesi inawapotezea watu muda. `depends_on` tupu husubiri kontena liwashwe tu. Weka `healthcheck` yenye `pg_isready -h 127.0.0.1 -U postgres` kila sekunde 5, majaribio 10, na upande wa programu `condition: service_healthy`. Usiache `-h`: mara ya kwanza imeji ya PostgreSQL (kiolezo cha kontena lake) huwasha seva ya muda inayosikiliza soketi ya ndani tu, na `pg_isready` isiyo na anwani hudanganyika ikasema tayari.

Hukuuliza, lakini angalia pia `ports`. `"5432:5432"` hufungua hifadhidata yako kwa yeyote aliye kwenye mtandao huo huo, na `ufw` (ukuta wa moto) haizuii kwa sababu Docker huandika kanuni zake za iptables. Andika `"127.0.0.1:5432:5432"`. Kama ni makontena tu yanayozungumza yenyewe kwa yenyewe, futa mstari huo wote.

"bad interpreter: /bin/bash^M" ni nini?

Miisho ya mistari ya Windows. Weka `*.sh text eol=lf` kwenye `.gitattributes`, endesha `git add --renormalize .`, weka komiti, kisha ifute faili hiyo na kuirudisha kwa `git checkout`.

Vagrant au Docker?

Unahitaji kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yako mwenyewe, au unajaribu msimbo usiouamini? Mashine pepe, yaani Vagrant. Mengineyo, kontena. Kwenye Linux, kontena hutumia kerneli ya kompyuta yako, na aliyemo kwenye kundi la `docker` ana nguvu za root.

Nimepitisha tokeni ya vifurushi (ufunguo wa siri wa kuvipakua) kwa `ARG` ya Dockerfile, kisha nikafuta faili lake kwa `rm`. Niko salama?

Hauko. `docker history` itaionyesha tokeni, na `rm` ya tabaka la juu haifuti kilichomo tabaka la chini. Tumia `RUN --mount=type=secret,id=npmrc,target=/root/.npmrc npm ci`, ukijenga kwa `docker build --secret id=npmrc,src=$HOME/.npmrc .`. Weka `.env` na `.git` kwenye `.dockerignore`, maana `COPY . .` haichagui. Kama imeji imeshapakiwa popote, batilisha tokeni hiyo leo na utoe nyingine; kuifuta imeji hakutoshi, huwezi kujua nani ameshaivuta.