Nataka kuwa dayetishani: je, shahada zote za lishe ni sawa?

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni msichana wa Wete, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa CBN (kemia, baiolojia na lishe). Nataka kusomea lishe chuo kikuu niwe dayetishani aliyesajiliwa, yaani mtaalamu wa lishe ya wagonjwa. Kaka yangu anasema shahada za lishe zote ni mamoja, nichukue iliyo karibu. Baba naye haoni kwa nini alipe ada ya miaka mitatu nikajifunze kupika. Hesabu na kemia zinatumika wapi khasa? Na nikisoma hapa nchini, usajili wangu utatambulika nje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na baba, maana mfuko ni wake.

Mwambie afikirie mgonjwa wa figo wa kilo 60, asiye na kisukari. Kabla hajaanza kusafishwa damu kwa mashine, protini yake hubanwa mpaka karibu gramu 0.6 kwa kila kilo ya uzito, yaani gramu 36 kwa siku. Akishaanza mashine hesabu inageuka. Mashine nayo humpotezea protini, kwa hiyo sasa anahitaji gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo, sawa na gramu 60 hadi 72. Mtu ni yule yule, figo ni zile zile, lakini ukimwachia ushauri wa mwezi uliopita unamkondesha. Tena hakuna anayekula gramu. Inabidi uzigeuze sahani: kipande cha changu cha gramu 100 kilichopikwa kina protini gramu 20 na ushei, wali wa gramu 300 una kama 7. Bado mbaazi, bado chapati ya asubuhi na maziwa ya chai, na gramu 36 zinakaribia kwisha. Hesabu ndiyo hiyo, na utaifanya umesimama kando ya kitanda huku mgonjwa anakutazama.

Kemia iko kwenye madafu. Kwetu mtu akiugua, wageni hawaji mikono mitupu. Kikombe kimoja cha maji ya dafu kina potasiamu kama miligramu 600. Figo zilizochoka haziwezi kuitoa, na ikizidi kwenye damu mapigo ya moyo huharibika, hata moyo ukasimama. Sasa mkataze bibi wa Pemba madafu, sawa, atakusikia. Mkataze na muhogo uone! Hapo unamfundisha: umenye, ukate vipande vidogo, uchemshe kwa maji mengi, uyamwage, maana potasiamu huyeyukia majini. Halafu tui liwe jepesi na kidogo, kwani nalo lina potasiamu yake. Kwa hiyo baba hakukosea sana, kupika kumo.

Takwimu hukuziuliza, lakini ndizo zinazowatoa wanafunzi jasho, na mtoto wa Pemba ana sababu ya kuzipenda. Mwaka 2006 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa hapo hapo kisiwani kwenu kwa watoto wadogo zaidi ya 24,000. Baadhi walipewa madini ya chuma na asidi ya foliki, wengine hawakupewa. Nani angedhani chuma kitamdhuru mtoto mwenye upungufu wa damu? Ikaonekana waliopewa chuma walilazwa au kufariki zaidi, kwa kama asilimia 12, na makundi yao yakasimamishwa kabla ya muda. Malaria wakati huo ilikuwa imetanda. Leo Shirika la Afya Duniani linataka chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria kiambatane na kinga na matibabu ya malaria. Utafiti huo husomwa vyuoni mbali na hapa, na wewe utaukuta darasani ukijua Wete iko wapi.

Sasa kaka. Hapo ndipo sikubaliani naye kabisa. Shahada nyingi za lishe zimejengwa kwa ajili ya lishe ya jamii: kupima watoto vijijini, kupanga miradi, usalama wa chakula. Ni kazi ya heshima, na Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro kina shahada ya lishe ya binadamu inayojulikana. Dayetishani lakini ni mtu wa wodini. Usiangalie jina la shahada, omba orodha ya masomo. Tafuta baiokemia, fiziolojia, lishe tiba, dawa na chakula zinavyoingiliana, ulishaji wa mgonjwa kwa mpira wa puani au tumboni. Kisha uliza nitakaa hospitali wiki ngapi, chini ya nani. Wakikujibu "mtapangiwa mkifika", endelea kutafuta.

Nasema hivi kwa kuwa mimi nilimaliza na wiki chache tu za hospitali. Siku zangu za mwanzo kazini aliletwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, ngozi na mifupa, na mimi kwa huruma nikataka ashibishwe siku ile ile. Muuguzi mmoja mtu mzima akanishika mkono. Mtoto kama yule huanzishwa maziwa ya F-75, kilokalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo kila saa mbili au tatu, ndipo baadaye apandishwe F-100, yenye nguvu zaidi. Ukimjaza ghafla, fosfati na potasiamu ya damu huanguka na moyo hushindwa. Nilikuwa nimeyasoma hayo na kuyajibu kwenye mtihani.

Usajili ni wa nchi, hausafiri na cheti. Kenya ina taasisi ya kusajili wataalamu wa lishe na madayetishani, iliyoundwa kwa sheria ya 2007. Uingereza jina la dayetishani linalindwa kisheria, asiyesajiliwa na HCPC, baraza lao la wataalamu wa afya, halitumii, ilhali jina la mtaalamu wa lishe halilindwi hivyo. Marekani ndiko kugumu zaidi: tangu tarehe 1 Januari 2024 kufanya mtihani wao wa usajili kunahitaji shahada ya uzamili, pamoja na saa zisizopungua 1,000 za mazoezi chini ya msimamizi.

Kwa hiyo utakapoomba nje, watataka kujua ulisoma nini na ulifanya saa ngapi. Hifadhi mtaala wa kila somo. Nunua daftari gumu, uandike saa zako za wodini tangu siku ya kwanza: tarehe, wodi, aina ya ugonjwa, sahihi ya msimamizi. Sahihi ichukue siku ile ile. Mimi nilirudi kuitafuta ya kwangu baada ya miaka minne, msimamizi ameshastaafu na wodi imehamishwa jengo.